Mshauri wa Sebuleni

Kochi ndilo lililotangulia kutoka. Likafuata kabati la vyombo, ikafuata meza ya kioo, na mwisho ikang'olewa picha ya arusi ya Dada Mkubwa, iliyokuwa imekaa ukutani miaka ishirini na mitatu hata ikaacha nyuma yake doa jeupe la pembe nne. Mdogo wake wa mwisho alisimama katikati ya sebule akielekeza kwa kidole. Kubeba hakubeba. Alieleza kwamba picha ya arusi inaweza kumtonesha mteja aliyeachika.

"Na mimi niliyefiwa na huyo bwana wa kwenye picha, nikimtundika jikoni juu ya masufuria sitoneshwi?" Dada Mkubwa aliuliza.

Mdogo mtu akainamisha kichwa upande. "Nasikia kuna uchungu hapo, dada."

"Uchungu uko mguuni. Shika huku, kochi linaniangukia."

Hivyo ndivyo tiba ya mazungumzo ilivyoingia katika nyumba ile. Iliingia kwa mlango wa mbele, na wenye nyumba wakaanza kupita mlango wa jikoni.

Dada Mkubwa alikuwa mshona sare za shule, mjane, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Dada Mkubwa, hata wazee waliomzidi umri. Huyu mdogo wake alimlea tangu mama yao alipofariki, mtoto akiwa na miaka tisa, kwa hiyo alimjua kama mtu anavyokijua kiatu kinachombana: anajua hasa ni kidole gani. Alijua kwamba mdogo wake hajawahi kumsikiliza mtu hata siku moja. Alitumwa chumvi akarudi na kiberiti. Akatumwa tena, akarudi na hadithi. Alianza kuongea kabla ya kutambaa na tangu hapo hajapata kupumzika. Sasa huyo ndiye aliyetaka kufungua mahali pa watu kuja kusikilizwa. Ilikuwa ni kumkabidhi fisi bucha, na kumshonea aproni juu yake.

Alikubali kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa na mwisho. Chuo kilikuwa kimempa mdogo wake cheti, lakini kibali cha kufanya kazi peke yake kilikuwa mikononi mwa msimamizi, na msimamizi alitaka kitu kimoja: mteja mmoja, angalau mmoja, akae naye vikao kumi na viwili mfululizo bila kukimbia. Kibali kikitoka, kliniki ya katikati ya mji ilishaahidi chumba. Chumba kikipatikana, kochi linarudi. Kwa Dada Mkubwa elimu yote ya nafsi ya binadamu ilikuwa imefupika hapo: kumi na viwili, halafu kochi.

Maana sebule ile haikuwa ya kukalia tu. Kila Jumatano alasiri, kwa miaka kumi na mitano, yeye na akina mama wenzake sita walikutana humo kwa sala. Humo waliombewa waume walevi, mabinti waliokawia kuzaa, mawifi wenye midomo. Kila mmoja alifika na mzigo wake akautua juu ya zulia, na hakuna aliyewahi kuuokota akatoka nao nje. Sasa walikaa juu ya mikeka uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, wakisali na kusogea kufuata kivuli, na ikifika Amina wameshahamia upande wa pili wa ua.

Huo ufundi wa nafsi ulianzia wapi? Mbali, kwenye duka la viatu. Alipomaliza shule mdogo mtu aliajiriwa kuuza viatu, na aliyeingia kutafuta namba arobaini na moja alitoka mikono mitupu, ila anajua habari zote za sugu ya kidole cha muuzaji. Akaachishwa. Akapata kituo kidogo cha redio, akapewa kusoma matangazo ya vifo, kazi isiyotaka zaidi ya kusoma. Yeye akawa anaongeza mawazo yake kuhusu kifo. Siku familia moja iliposikia marehemu wao amepewa nusu dakika na mtangazaji amejipa sita, walikuja kituoni kwa miguu yao. Akaachishwa. Ndipo akapata dawati la mapokezi hospitalini, na mkabala na dawati lake palikuwa na mlango wenye kibao cha mshauri nasaha. Akawa anaona watu wanaingia mle wanalia, wanatoka wamefuta machozi, na mle ndani yumo mtu mmoja tu, amekaa.

"Amekaa tu, dada," alisimulia jioni hiyo, macho yanamng'aa. "Anakaa, wanakuja."

Akasema ameitwa. Dada Mkubwa, ambaye alikuwa amesoma kidogo habari za watu walioitwa na Mungu, hakukumbuka popote mtu kuitwa kwenye kiti.

Chuo kilikuwa cha miaka miwili. Mazoezi yao yalifanywa wawili wawili: mmoja anakuwa mshauri, mwenzake anajifanya mteja, halafu wanabadilishana. Mdogo mtu hakupenda kubadilishana. Alikuwa mteja hodari. Alilia mahali pa kulia, akanyamaza mahali pa kunyamaza, mpaka mkufunzi akasema mbele ya darasa kwamba hajaona mteja wa namna hiyo kwa miaka mingi, na sifa hiyo akaileta nyumbani kama mtu aliyeshinda kombe. Tena kulikuwa na sharti kwamba kila mwanafunzi naye akae kwenye kiti cha mteja kwa mshauri halisi, vikao arobaini, ajijue kabla hajaanza kuwajua wengine. Wenzake walitoka huko wamepungua majivuno. Yeye alitoka amenawiri. Alikuwa amepata mtu wa kumsikiliza mara arobaini bila kumkatiza, na mtu huyo alikuwa anaandika.

Alirudi pia na maneno. La kwanza lilikuwa mipaka. Ukimwambia aoshe kikombe chake, alisema kwa upole, "Dada, hapo unavuka mipaka yangu."

"Basi ilete hiyo mipaka kwenye karai, ioshwe pamoja na kikombe," Dada Mkubwa alijibu. Kikombe akakiosha yeye, kama siku zote.

Sebule ikawa chumba cha vikao. Viti viwili vyenye mito, vimegeuziwa mabega kidogo ili mteja asijione yuko polisi. Boksi la tishu, karibu na mkono wa mteja. Ua la plastiki. Saa ya ukutani ilitundikwa nyuma ya kiti cha mteja, ili mshauri aone dakika zinavyokwisha bila kuonekana anatazama. Huo nao ulikuwa ujuzi, ulifundishwa. Juu ya lile doa jeupe vikakaa vyeti vinne: cha ushauri nasaha, cha kuhudhuria semina ya ushauri nasaha, cha huduma ya kwanza, na cha kuogelea.

Na njia yake ya kutibu ilikuwa na vyombo viwili. Cha kwanza ni mmh. Alikuwa nazo tatu: mmh fupi, maana yake endelea, mmh ya kati, maana yake hapo pazito, na mmh ndefu inayoshuka kama ndoo kisimani, maana yake nimefika nawe chini kabisa. Alizifanyia mazoezi bafuni, na kwa kuwa dirisha la bafu linatazama njia, mtaa ukampa jina, Bwana Mmh. Chombo cha pili ni kurudia neno la mwisho. Mteja wake wa kwanza, mpishi wa shule, alimwambia kwamba mumewe siku hizi halali nyumbani.

"Halali nyumbani," akasema Bwana Mmh.

"Si ndiyo nimesema."

"Ndiyo umesema."

Baada ya kikao cha tatu mama wa watu alimwambia Dada Mkubwa mlangoni, bila hasira, kwamba akitaka wa kumrudishia maneno yake ataenda kuongea kwenye pipa tupu. Angalau pipa haliangalii saa.

Wa pili alikuwa mlinzi wa ghala. Alilala usingizi vikao vinne, akasema hajawahi kupata tiba nzuri kama ile, kisha akahamishiwa ghala lingine. Wa tatu, binti aliyekuwa anaogopa kuolewa, alimtaja mama yake kidogo tu. Bwana Mmh akakumbuka wa kwake, na dakika hamsini zilipokwisha binti ndiye aliyekuwa anampigapiga mgongoni, na boksi la tishu limehamia upande wa pili. Binti huyo aliolewa upesi sana.

Msimamizi alikuja mwisho wa kila mwezi. Alikuwa nesi mstaafu wa wodi ya wagonjwa wa akili, mwembamba, mwenye maumivu ya mgongo, anatembea na mto wake wa kukalia kwapani. Alisoma kumbukumbu za vikao neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele.

"Hapa binti kasema maneno arobaini," alisema. "Wewe umesema mia tatu. Hebu nisaidie, nani kati yenu alikuwa amekuja kutibiwa?"

"Nilikuwa najenga uhusiano, mwalimu."

"Ulikuwa unajenga ghorofa. Mteja mwingine ukimpata, funga mdomo. Ukihisi neno linakuja, meza. Ukishindwa kumeza, tafuna ulimi."

Kisha akatoka sebuleni, akasimama ukumbini, akauvuta mlango mwembamba wa triplai nyuma yake, akamwambia Bwana Mmh aongee mle ndani kwa sauti ya kawaida. Akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hiki si kikao, ni mkutano wa hadhara. Mama, una redio?"

Redio ilikuwepo. Msimamizi akaagiza iwekwe juu ya stuli mkabala na mlango, ifunguliwe kila kikao kinapoanza, muziki au taarifa, haidhuru, mradi aliye nje asipate kitu.

"Wewe ndiye mlinzi wa mlango," alimwambia Dada Mkubwa. "Mwanafunzi akikosea tutamrekebisha. Neno likitoka humu, hakuna wa kulirudisha."

Dada Mkubwa aliitikia vizuri. Moyoni alisema kwamba mtu aliyekaa na siri za akina mama sita kwa miaka kumi na mitano hahitaji kufundishwa kunyamaza na mwenye mto.

Mwezi uliofuata akaja Mama Fotokopi. Alikuwa na kibanda cha kutoa nakala karibu na ofisi za ardhi, mwanamke mkavu wa maneno, vidole vina wino usiotoka kwa sabuni yoyote. Shida yake alisema ni usingizi. Dada Mkubwa alimjua kwa mbali, maana mdogo wa mwanamke huyo, Muuza Dawa wa famasi ya pale kona, alikuwa mmoja wa akina mama wa Jumatano. Ndugu hao wawili, tumbo moja, walikuwa hawatembeleani tangu mama yao alipofariki, mwaka wa sita sasa. Mkubwa akimwona mdogo anakuja, anavuka barabara. Watu walisema ni kiburi, na Muuza Dawa mwenyewe alisema hivyo hivyo, huku anacheka, lakini kila Jumatano aliomba aombewe jambo hilo hilo.

Mama Fotokopi akawa anakuja kila Jumanne saa nne asubuhi. Dada Mkubwa akawa anatia alama kwenye kalenda kwa chaki ya kushonea. Moja. Mbili. Tatu, alipokomea mpishi. Nne, alipokomea mlinzi. Tano. Bwana Mmh alikuwa anameza maneno kweli. Akitoka ungeona koo bado linapanda na kushuka. Sita. Saba. Dada Mkubwa alishapima kochi kwa utepe na kukata kitambaa cha foronya mpya za mito yake.

Na redio? Mungu ndiye shahidi, mara ya kwanza ni betri zilizokwisha. Mara ya pili betri zilikuwepo, ila palikuwa na kipindi cha kilimo cha vitunguu, na nani anataka kusikia habari za vitunguu asubuhi yote. Kufikia kikao cha saba redio ilinong'ona tu, na Dada Mkubwa alikuwa amegundua kwamba vifungo vya sare hushonwa vizuri zaidi ukumbini, ambako eti kuna mwanga. Alijiambia anasikiliza ili ajue kama mteja anakaribia kukimbia. Baadaye alijiambia anasikiliza ili apate kumwombea. Sababu hazikumpungukia.

Kikao cha nane Mama Fotokopi alikivuta kiti mbele kidogo. Kisha akaongea kama mtu anayesoma karatasi ya mtu mwingine.

"Sikuwepo," alisema. "Mama anakata roho, mimi sikuwepo. Ilikuwa zamu yangu kumwangalia. Wakanipigia simu mashine imekwama karatasi, nikasema nikimbie mara moja. Niliporudi alikuwa ameshapoa. Mdogo wangu akafika anauliza, mama kasema nini, kasema nini mwisho. Nikamwambia kakuita jina. Kakuita mara mbili. Lilitoka tu. Basi kila akiniona ananishika mikono, ananishukuru. Miaka sita. Nikimwona anakuja navuka barabara."

Ukumbini sindano ilisimama. Mle ndani mmh ndefu ikashuka, ikafika chini, kisha kimya.

Dada Mkubwa alingoja. Dakika moja ikapita, ya pili ikaanza. Mwanamke wa watu amepasua kifua chake, na yule mle ndani anamtazama kama ng'ombe anavyotazama treni. Vyeti vinne ukutani. Sema naye, basi. Mwambie Mungu anasamehe, mwambie aende kwa mdogo wake, mwambie chochote, hata cha kuogelea. Hasira zikampanda, akaifungulia redio sauti yote, vitunguu vikajaa nyumba nzima, akaenda jikoni akasugua sufuria ambayo haikuwa chafu. Kilichosemwa baada ya kimya kile hakukisikia.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Sala ilipokwisha wenzao wakatangulia, Muuza Dawa akabaki uani kusaidia kukunja mikeka. Alikuwa mnene, mchangamfu, anacheka kabla hajamaliza kusema.

"Dada Mkubwa, nimeambiwa yule dada yangu anakuja kwenu Jumanne. Nimefurahi. Labda Bwana Mmh atamkamua hicho kiburi."

Dada Mkubwa alijua palepale kwamba anatakiwa kusema sijui. Lilikuwa neno dogo, na alikuwa nalo mdomoni.

"Si kiburi, mwenzangu," alisema badala yake.

"Ni nini basi?"

"Ni aibu. Dada yako anakupenda kuliko unavyojua. Mtu akibeba jambo peke yake miaka sita unadhani anakuchukia, kumbe ni mzigo unaomvusha barabara. Mwendee wewe. Mwambie yaliyopita yamepita, kuwepo kwake au kutokuwepo siku ile hakumrudishi mama."

Mkeka ulikuwa umekunjwa nusu. Muuza Dawa aliushika hivyo hivyo.

"Kutokuwepo?"

Dada Mkubwa akauvuta mkeka kwa upande wake. Haukuja.

"Alikuwepo," Muuza Dawa akasema. "Aliniambia alikuwepo."

"Mimi sijui, mwenzangu. Nimesema tu."

"Mama aliniita mara mbili. Kama hakuwepo, nani alimsikia?"

Muuza Dawa akauweka mkeka chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika, akachukua kitabu chake cha sala, akatoka kwa njia ya jikoni.

Jumanne ya tisa Mama Fotokopi alifika kabla ya saa, na hakukaa. Alisimama kati ya vile viti viwili, mlango wa triplai uko wazi nyuma yake.

"Uliongea na nani?"

"Sijaongea na mtu," Bwana Mmh alisema, na ilikuwa kweli.

"Jumatano jioni mdogo wangu kaja kibandani. Watu wamepanga foleni na karatasi zao mkononi. Akaniuliza mbele yao, mama aliniita au hakuniita. Neno hilo nimelisema mahali pamoja tu duniani, kwenye kiti hiki. Na tulishapanga, mimi na wewe. Nilikuwa nimwambie mwenyewe, siku ya kumbukumbu ya mama, makaburini, tukiwa wawili. Nilishachagua hadi neno la kuanzia. Jumatano kutwa nzima nilikuwa nalifanyia mazoezi nikitoa nakala za watu."

Ukumbini Dada Mkubwa alikuwa na sare mapajani na kifungo kati ya meno. Kumbe kimya kile kilikuwa na mwisho wake. Mwanamke alikuwa ameachwa na jambo lake mpaka akalionea njia, mwenyewe, wakati yeye yuko jikoni anasugua sufuria safi.

Bwana Mmh akatazama mlango ulio wazi. Akaitazama redio juu ya stuli, inanong'ona. Akamtazama dada yake. Hata asiyesikiliza huona.

"Kilichosemwa humu kikatoka, ni changu," alimwambia mteja wake. "Mimi ndiye niliyekuangusha."

Lilikuwa neno la kiume, na kama angeishia hapo dada yake angeanza kumheshimu siku hiyo. Hakuishia. Aliendelea kueleza jinsi yeye anavyojisikia anapomwangusha mtu, tangu utotoni, tangu siku ile ya chumvi, na machozi yakaanza kumlenga, mkono ukasogea kwenye boksi la tishu.

"Nyamaza, mdogo wangu," Dada Mkubwa alisema kutoka mlangoni. Akakitoa kifungo kinywani. "Si yeye, mama. Ni mimi. Redio niliipunguza. Nilisikia, nikamwambia mdogo wako. Nilitaka mpatane."

Mama Fotokopi aligeuka akamtazama, kwanza uso, halafu sare, halafu redio.

"Huyu kanisikiliza vibaya," alisema. "Anatazama saa anadhani sioni. Shingo anaipinda kama kuku anayetafuta mdudu. Lakini nilichompa alikaa nacho. Wewe umenisikiliza vizuri kabisa, hukuacha hata neno, ukaenda kunigawa uani."

"Nilitaka mema."

"Mdogo wangu alikuwa amebakiwa na sauti moja ya mama. Ya uongo, sawa, lakini ilikuwa yake, na mimi ndiye nilikuwa nimvue taratibu. Wewe umemvua kama mtu anayenyonyoa kuku. Kwa mema hayo hayo."

Akapita mlango wa mbele. Kwenye kalenda chaki ilibaki kwenye nane.

Msimamizi alikuja wiki ile ile, hakungoja mwisho wa mwezi. Bwana Mmh alikuwa ameandika yote mwenyewe, na safari hii maandishi yalikuwa mafupi. Msimamizi alipanga mto wake, akakaa, akasoma. Dada Mkubwa alisimama karibu na lile ua la plastiki, mikono ameishikanisha.

"Mwalimu, kosa ni langu. Usimnyime kibali kwa ajili yangu."

"Kibali hapati. Hajafikisha hata tisa." Msimamizi akafunua ukurasa. "Ila hapa, kikao cha nane, naona dakika nne za kimya. Ulikuwa unafikiria nini dakika nne zote hizo?"

"Sikuwa na la kusema, mwalimu," Bwana Mmh alijibu. "Nilikuwa naogopa."

"Vizuri. Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza umekosa la kusema. Tutaanzia hapo."

Akaeleza kwamba mwanafunzi ataanza upya, kumi na viwili vingine, lakini si humu. Nyuma ya wodi za zamani za hospitali kuna chumba cha matofali chenye mlango wa mbao nene, na bweni la wafanyakazi lina kitanda kimoja wazi. Atahamia huko kesho.

"Mwanafunzi ni mbovu kama wanafunzi wengine, anafundishika," alisema akiokota mto wake. "Nyumba ndiyo siwezi kuifundisha."

Kwa hiyo kochi likarudi. Likarudi kabati la vyombo, ikarudi meza ya kioo, picha ya arusi ikaziba doa lake. Foronya mpya zilienea kama zilivyopimwa. Dada Mkubwa alifagia, akafuta vioo, na Jumatano alasiri akafungua mlango wa mbele wazi.

Walikuja watano. Muuza Dawa hakuja, na hakuna aliyeuliza. Waliisifia mito. Walilisifia zulia, kwamba halijafifia. Wakaimba wimbo mmoja, kisha ikafika pale ambapo kila Jumatano huulizwa nani ana hitaji, na Dada Mkubwa akauliza.

Wakatazamana.

"Tuwaombee wagonjwa," mmoja akasema.

"Mgonjwa gani, mwenzangu?"

"Wote tu."

"Na wasafiri," akasema wa pili.

Wa tatu alikuwa na mume aliyehama nyumba tangu Jumapili, na mtaa mzima ulikuwa umemwona akibeba sanduku. Alilitazama zulia. "Mvua," alisema. "Tuombe mvua." Wa nne akasema naye alikuwa na hilo hilo la mvua.

Wa tano alikuwa mkubwa wao kwa umri. Alifikiri kidogo, akinyoosha gauni lake.

"Mimi magoti yangu tu," alisema. "Na hayo hata nikipita barabarani watu wanayaona."

Dada Mkubwa akafumba macho, akaombea magoti.